Stesheni Isiyojengwa: Reli, Ngano na Hanang

Mtu wa Endasak, wilayani Hanang, akitaka kupanda treni, kwanza hupanda basi. Akielekea kaskazini hupita Babati hadi Arusha. Akielekea upande wa pili hupita Katesh hadi Singida. Kijiji kiko kati ya ncha mbili za reli ambazo hazijawahi kukutana. Sababu zinazotajwa mara nyingi ni mbili: kwamba nchi ya huku ni ya milima na Bonde la Ufa, au kwamba hapakuwa na mzigo wa kulipia gharama. Makala haya yanadai kwamba zote mbili hazitoshi. Reli ilifuata mahitaji ya aliyeshika kalamu ya ramani, awe Mjerumani, Mwingereza au serikali yetu wenyewe.

Tuanze na stesheni iliyojaliwa: Mombo. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa nguvu, na serikali ya Kijerumani ikaichukua kazi hiyo 1899. Treni ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905. Kwa miaka kadhaa Mombo ndipo reli ilipoishia. Abiria na shehena za Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, walishukia hapo kabla ya kupanda mlima. Mbele kidogo, Mkumbara, mbao za mwangati kutoka Shume ziliteremshwa zikining'inia kwenye kamba za chuma juu ya magenge. Mlima haukuwa kizuizi pale ambapo mlowezi alikuwa na mbao za kuuza. Reli ilifika Moshi 1911. Vita vya 1914 vikakatiza mipango ya kuisogeza magharibi. Waingereza wakaifikisha Arusha 1929, ikatulia hapo.

Upande wa kusini nako walijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walijenga tawi kutoka Manyoni, likapita Singida hadi Kinyangiri. Mzigo uliotarajiwa haukuja, na katika miaka ya 1940 tawi likafungwa na vyuma vikang'olewa. Wanaotetea hoja ya mzigo huupenda mfano huu, na kweli una uzito. Kasoro yake ni kwamba unasimulia Hanang kabla ya ngano.

Ngano ilikuja baadaye, kwa msaada wa Canada, chini ya shirika la umma la NAFCO. Mashamba saba, yakiwemo Basotu, Setchet na Mulbadaw, yalichukua takriban ekari 100,000. Sehemu kubwa ilikuwa malisho ya Wabarbaig, na mgogoro wa Mulbadaw ulifika hadi Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980. Kwa gharama hiyo ya ardhi na ya haki, mtu angetegemea angalau mipango ya usafiri ikamilike. Shamba lilikuwa la serikali. Kinu kilikuwa cha serikali, na tangu 1977 Shirika la Reli lilikuwa la serikali pia. Hata hivyo ngano iliondoka Hanang kwa malori. Tawi la Manyoni lilipojengwa upya, liliishia mjini Singida.

Nakubali kwamba wingi wa ekari peke yake hauthibitishi kitu. Ngano huvunwa kwa msimu, ilhali reli hula fedha mwaka mzima, na mhasibu wa reli angekuwa na haki ya kusita. Lakini kusita huko kulipaswa kuandikwa, kupigiwa hesabu na kujadiliwa hadharani. Badala yake tumerithi msemo tu kwamba huku reli haiwezekani.

Mombo inatusaidia kuupima msemo huo, kwa sababu nusu ya pili ya historia yake haifanani na ya kwanza. Katika miaka ya 1990 treni za abiria za njia ya kaskazini zilikoma, vyuma vikabaki chini na nyasi zikaota katikati yake. Abiria hawakuhama, waligeukia mabasi. Kisha Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ikarudi hadi Moshi, na 2020 ikafika Arusha. Mlima ulikuwa uleule na watu walewale. Kilichobadilika ni uamuzi wa kukarabati njia na kupanga ratiba.

Sasa kuna mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, wenye michepuo miwili: mmoja kwenda Engaruka kwenye magadi, mwingine kwenda Minjingu kwenye fosfeti. Minjingu iko mkoani Manyara, mkoa uleule wa Hanang. Kwa mara nyingine ramani inafuata kinachochimbwa, si kinacholimwa. Wasomi wa Hanang na madiwani wao wasipoteze muda kuuliza kama milima inaruhusu. Waombe jedwali la makadirio ya mizigo, kisha watafute humo mbaazi na alizeti za Endasak zimeandikwa ukurasa gani.