Konokono-koni: Jinsi wanasayansi wanavyoainisha walio hai na waliogeuka visukuku

Kwenye miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, huishi konokono wa baharini mwenye gamba lililochongoka upande mmoja mithili ya koni. Gamba hilo hupendwa na wakusanyaji kwa madoa na michirizi yake. Hata hivyo, mwenye gamba hubeba sumu, na sumu ya baadhi ya spishi yaweza kumuua binadamu. Ndiyo maana suala la kumtambua konokono huyu na kuwajua jamaa zake haliishii katika makabati ya makumbusho, bali linawagusa wavuvi, matabibu na wahifadhi wa bahari.

Kutoka jina moja hadi makumi

Mwaka 1758, mwanasayansi wa Sweden Carl Linnaeus aliwaweka konokono hawa wote katika jenasi moja aliyoiita Conus. Kwa muda mrefu uainishaji ulitegemea gamba pekee: umbo lake, urefu wa kilele chake, mikunjo yake na rangi zake. Kigezo hicho kina kasoro mbili. Spishi moja yaweza kuwa na magamba ya rangi mbalimbali, na spishi mbili zisizo na udugu wa karibu zaweza kufanana mno.

Wataalamu wakageukia jino la konokono, ambalo ni tupu ndani na lina umbo la chusa. Konokono hulifyatua jino hilo kumchoma windo na kuingiza sumu. Wapo wanaokula minyoo, wapo wanaokula konokono wenzao na wapo wanaokula samaki, na jino hutofautiana kulingana na windo. Mwaka 2009, John Tucker na Manuel Tenorio waliyatumia magamba na meno kuigawa jenasi ya Linnaeus katika makumi ya jenasi.

Miaka michache baadaye, kundi la watafiti lililoongozwa na Nicolas Puillandre, wa makumbusho ya taifa ya historia ya viumbe mjini Paris, lililinganisha vinasaba vya mamia ya spishi. Matokeo yake yaliwarudisha konokono hao katika jenasi kuu nne, huku takriban asilimia 85 ya spishi zikibaki ndani ya Conus.

Wasioacha vinasaba

Kwa konokono wa kale hali ni tofauti. Familia hii ina umri wa takriban miaka milioni 55, na kisukuku chake huwa ni gamba tupu: nyama imeoza, jino limepotea, vinasaba havipo, na mara nyingi hata rangi imefifia. Mtafiti hubaki na umbo la gamba, pamoja na ncha ya kilele chake, ambayo ni gamba la utotoni. Ncha hiyo, ikisalimika, hudokeza iwapo kiluwiluwi kilielea muda mrefu baharini au la.

Njia mojawapo ya kuurejesha ushahidi uliopotea ni mwanga wa urujuanimno. Chini ya mwanga huo, masalia ya kemikali yaliyomo ndani ya gamba hung'aa, na michoro isiyoonekana kwa macho hujitokeza. Mwaka 2015, Jonathan Hendricks wa Marekani alichapisha utafiti wa visukuku kutoka Jamhuri ya Dominika vyenye umri wa kati ya miaka milioni 4.8 na milioni 6.6. Alitambua spishi 28, na kati ya hizo, 13 zilionekana kuwa mpya kwa sayansi.

Faida na hatari ya jina

Udugu ukijulikana, watafiti wa dawa hupata mwongozo wa mahali pa kutafuta, kwa kuwa kila spishi ina mchanganyiko wake wa sumu. Kutokana na sumu ya Conus magus ilitengenezwa zikonotaidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2004. Dawa hiyo huingizwa katika majimaji yanayozunguka uti wa mgongo.

Wahifadhi nao huhesabu kwa spishi. Tathmini ya mwaka 2013 iliyopitia spishi 632 iliona kuwa 67 ziko hatarini au zinaukaribia uhatari huo. Spishi moja ikigawanywa kuwa tatu, kila moja hubaki na eneo dogo zaidi, na orodha ya walio hatarini hubadilika.

Kwa wakazi wa pwani, jina la kukumbukwa zaidi ni Conus geographus, ambaye huwinda samaki usiku na anapatikana pia Afrika Mashariki. Dawa ya kuiua sumu yake haipo. Tiba ni kumsaidia mgonjwa apumue hadi sumu iishe nguvu. Gamba la koni lililookotwa majini lichukuliwe kuwa lina mwenyewe ndani, na lisitiwe mfukoni wala kufumbatwa mkononi.