Mstari wa Amri na Kumbukumbu ya Mahali: Utunzaji wa Tovuti kwa Jicho la Mwanahistoria, Sigino, Babati

Insha hii inachunguza historia ya mstari wa amri, yaani njia ya kuiendesha kompyuta kwa kuandika maagizo badala ya kubofya, na nafasi yake katika utunzaji wa tovuti zinazoendeshwa kwa mifumo ya kusimamia maudhui. Suala hili linatazamwa kutoka kata ya Sigino, mjini Babati, mkoani Manyara. Hoja ya insha ni kwamba zana hii, inayosifiwa kwa wepesi wake, inaweza kuibadilisha kumbukumbu ya mahali pasipo kuacha alama ndani ya tovuti yenyewe. Kwa hiyo orodha ya maagizo ya mtunzaji inastahili kuhesabiwa miongoni mwa vyanzo vya historia.

Mstari wa amri ulitangulia skrini zenye picha. Mfumo wa Unix, ulioanza kubuniwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika Maabara za Bell nchini Marekani, ulitumiwa kupitia mashine za kuchapa zilizounganishwa na kompyuta. Mwaka 1995 Tatu Ylönen, wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki nchini Ufini, alibuni SSH baada ya wadukuzi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo hicho. Kwa njia hiyo mtunzaji aliweza kuiamuru seva ya mbali bila maneno yake kusomwa njiani. Mfumo wa WordPress ulipotolewa mwaka 2003, sehemu kubwa ya utunzaji ilifanyika ndani ya kivinjari. Hata hivyo, mwaka 2011 ilianzishwa WP-CLI, programu huria inayouendesha WordPress kwa maandishi matupu. Zana iliyoonekana kupitwa na wakati ikawa imerudi kazini.

Kurudi huko kuna maana ya pekee kwa mahali palipo mbali na seva. Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Julai 2009, mawasiliano ya intaneti kati ya Tanzania na dunia yalitegemea zaidi setilaiti, kwa gharama kubwa. Kebo ilileta nafuu, lakini mtu wa Sigino anayeunganisha kompyuta yake kupitia simu bado hununua kifurushi na kukihesabia matumizi. Ukurasa wa usimamizi katika kivinjari huhitaji kupakua picha na msimbo. Agizo la maandishi husafirisha herufi chache, na kazi nzito, kama kuleta toleo jipya la mfumo, hufanywa na seva yenyewe.

Hata hivyo, wepesi huo una gharama yake. Tuchukue mfano wa kubuni wa tovuti ya WordPress inayokusanya nyaraka za wenyeji wa Sigino. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002 kwa kumega Mkoa wa Arusha. Waraka wa mwaka 1995 unaoiweka Sigino katika Mkoa wa Arusha uko sahihi kwa wakati wake. Mtunzaji anayetaka kurekebisha anwani zilizopitwa na wakati anaweza kutoa agizo moja la kutafuta maneno "Mkoa wa Arusha" na kuweka "Mkoa wa Manyara" katika hifadhidata nzima. Anwani zitarekebishika, ila waraka wa mwaka 1995 nao utautaja mkoa ambao haukuwapo.

Uzito wa kosa hilo unatokana na namna agizo linavyofanya kazi. Mhariri anapobadilisha ukurasa ndani ya kivinjari, WordPress kwa kawaida huhifadhi matoleo ya uhariri na kuandika tarehe ya badiliko. Agizo la kutafuta na kubadilisha huyagusa majedwali ya hifadhidata moja kwa moja. Halitengenezi toleo jipya wala halisogezi tarehe ya uhariri. Na kwa kuwa matoleo ya awali hukaa katika jedwali lilelile la kurasa, nayo hubadilishwa. Mtafiti atakayefika baadaye atakuta ushahidi wote unakubaliana, na kukubaliana huko ndiko kutakakompotosha.

Huenda ikadaiwa kwamba dawa ni kuiacha zana hii. Insha haikubaliani na dai hilo, kwa sababu zana hiyohiyo hutoa kinga. Lipo agizo la jaribio, linaloonyesha idadi ya mabadiliko bila kuyatekeleza. Lipo pia agizo la kutoa nakala ya hifadhidata yote kabla ya kazi kuanza. Zaidi ya hayo, programu ya Bash, inayopokea maagizo, huweka orodha ya yaliyotolewa, jambo ambalo kubofya hakulifanyi. Lakini mipangilio yake isiporekebishwa, orodha hiyo hubeba maagizo 500 ya mwisho tu, haionyeshi tarehe, na hukaa katika akaunti ya mtumiaji kwenye seva. Akaunti ikifutwa, ushahidi hupotea pamoja nayo.

Kwa hiyo insha inapendekeza kwamba kila tovuti inayohifadhi nyaraka iwe na daftari la utunzaji lenye agizo lililotolewa, tarehe, sababu, na mahali ilipo nakala iliyotangulia. Kwa Sigino, jina la mkoa katika waraka si suala la anwani peke yake. Humweleza msomaji wananchi walikuwa chini ya mamlaka ipi, na humwelekeza mtafiti aanzie wapi kutafuta majalada mengine. Jina hilo likibadilishwa kimya kimya, mtafiti atatafuta katika kabati lisilo lake, na atakaposhindwa kuyapata majalada hayo, atahitimisha kwamba hayakuwahi kuwapo.