Kipande na Jembe

Ujira una sura mbili. Sura ya kwanza ni fedha zinazohesabiwa kiganjani siku ya malipo. Sura ya pili ni kile kinachosalia baada ya kutoa yote yaliyotumika kuzipata. Mtu afanyaye kazi karibu na kwake huziona sura zote mbili kila siku, maana jioni hurudi akaliona ghala lake, shamba lake na afya ya watoto wake. Aliyekwenda mbali kwa mkataba huiona sura ya kwanza peke yake. Ya pili humngoja nyumbani mpaka siku ya kurejea. Historia ya kazi katika Tanganyika ya wakoloni ni historia ya sura hizo mbili, wala hapana mahali zinapoonekana wazi kuliko katika njia ndefu iliyotoka Songea kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga.

Mkonge ulikuja nchini ukiwa mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, Marekani, na katika safari hiyo ndefu ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na hiyo michache yakaenea mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe, na baadaye ya Morogoro na Lindi, hata ilipofika siku ya Uhuru Tanganyika ilikuwa imeitangulia dunia nzima kwa kutoa mkonge. Mmea huu una tabia inayowasumbua wenye mashamba: hauna msimu. Pamba huvunwa ikaisha, lakini majani ya mkonge hukatwa mwaka mzima, na yakishakatwa sharti yafikishwe upesi kwenye mashine ya kuyachakata. Mwenye shamba, basi, alitaka watu wasioondoka mvua zinapoanza. Alitaka mikono iliyo mbali na jembe lake.

Hapa lazuka jambo la kustaajabisha. Mashamba hayo yalizungukwa na Wabondei, Wasambaa na Wazigua, na reli ya Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilipita miguuni pa milima ya Wapare na Wachagga. Walakini wafanyakazi wa mkataba hawakutoka kwa majirani hao. Walitoka Songea, Njombe, Kigoma na pande nyingine za mbali, ambako safari ilikuwa ya majuma kwa miguu kabla ya kuja malori. Kama ujira wa mkonge ungalikuwa mkubwa kweli, jirani angaliupokea kabla ya mgeni.

Wakuu wa serikali na wenye mashamba walikuwa na majibu mepesi. Walisema kabila hili lapenda kazi na lile ni vivu. Walisema kijana wa Kingoni hupenda safari kama babu yake alivyopenda vita. Tena walisema Mwafrika hufanya kazi mpaka apate kiasi alichokusudia, kisha huacha, hivyo kumwongeza mshahara ni kumharakisha kuondoka. Jibu la mwisho liliwafaa sana waliolitoa, kwani liligeuza ujira mdogo ukawa hekima. Mwanachuo P. H. Gulliver aliwachunguza Wangoni na Wandendeuli wa Songea, akatoa kitabu chake mwaka 1955. Alionyesha kuwa watu hao waliondoka kwa haja: kodi, nguo, mahari, na mahitaji mengine ya fedha ambayo hayakuweza kutimizwa nyumbani. Si tamaa ya kuona dunia iliyowatoa, ingawa wapo waliofurahi kuiona.

Kwa nini haja hizo hazikutimizwa nyumbani? Jibu limo katika historia ya nchi yenyewe. Wangoni waliingia katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Tarehe 27 Februari 1906 wakubwa wao wengi walinyongwa na Wajerumani mjini Songea. Chakula kilichomwa moto, njaa ikafuata, na mashamba mengi yakarudi kuwa mwitu. Lakini kodi haikufa na waliokufa. Kodi ya nyumba, iliyowekwa na Wajerumani tangu mwaka 1897, ilirithiwa na Waingereza, ikaongezwa kodi ya kichwa. Tena Songea haikuwa na reli; Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilipita mbali kaskazini, na bandari za Lindi na Kilwa zilikuwa mwendo wa siku nyingi. Mazao yaliyotoka huko yaliliwa faida yake njiani kabla ya kufika sokoni. Mzigo mmoja tu uliweza kujipeleka sokoni wenyewe kwa miguu: nguvu za kijana.

Alipofika Tanga, kijana alipewa kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi, nazo zilipasa kutimizwa ndani ya siku 42. Kazi ilipimwa kwa matita ya majani, na asiyetimiza fungu lake la siku hakuandikiwa siku hiyo, hata kama jasho lilimtoka tangu alfajiri. Mwezi wa kipande, kwa hiyo, haukuwa mwezi wa kalenda. Mwenye afya njema aliumaliza mapema, na mwenye homa aliuvuta mpaka ukaonekana kama miezi miwili. Waliokuja kwa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba kabla ya kujulikana kwa majina. Tangu mwaka 1944 chama cha wenye mashamba kilikuwa na ofisi maalumu ya kuwaandika, iliyoitwa SILABU, yenye wakala wake mikoani na kambi zake njiani. Namba alipewa nauli, blanketi na posho. Lakini hakuwa na hiari ya kumwacha tajiri mbaya akamtafuta mwema, kwani kukimbia mkataba kulikuwa kosa mbele ya sheria. Kwa sababu hiyo wengi waliokwisha kuijua njia walipendelea kwenda kwa miguu yao wenyewe. Walipoteza nauli na blanketi, wakapata uhuru wa kuchagua. Jambo hili ladhihirisha kuwa watu hawa walijua kupima. Walijua kuwa kitu cha bure chaweza kuwa ghali.

Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mwenye shamba lilikuwa kamili: liliandika kipande, posho na nauli. Lakini kulikuwa na daftari la pili lisiloandikwa na mtu. Mume alipokuwa Tanga, nani alifyeka pori jipya? Nani alijenga ghala, akaziba paa lililovuja, akawafukuza nguruwe mwitu usiku? Mke alibeba jembe lake na la mumewe, au alipungukiwa na chakula. Wazee walikula kutoka katika shamba hilo, na watoto walilelewa na shamba hilo mpaka nao wakapata nguvu za kwenda Tanga. Mfanyakazi alipougua au kuzeeka, shamba hilo hilo ndilo lililompokea. Ujira wa mkonge ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja, tena kwa siku zake za nguvu tu. Malezi, maradhi na uzee viliachiwa kijiji. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, iliyotoa taarifa yake mwaka 1955, iliutia ila mtindo huo wa kazi za kwenda na kurudi. Kwa hakika mwanamke wa Songea alikuwa mwajiriwa wa mkonge asiye na kipande. Ni jembe lake lililofanya fedha za Tanga zionekane nyingi.

Sasa na ipimwe kazi ya karibu. Katika Songea yenyewe kibarua cha barabara au cha misheni kililipwa kidogo kuliko kazi ya Tanga, na aliyelinganisha shilingi kwa shilingi hakukosea kuona Tanga yazidi. Hata hivyo, mwenye kibarua alilala kwake. Aliweza kulima asubuhi ya Jumamosi, kumpeleka mtoto hospitali, na kuhudhuria baraza lililogawa ardhi. Zaidi ya vibarua palikuwa na mazao. Tumbaku ya kukaushwa kwa moshi ililimwa Songea, na mwaka 1936 kilianzishwa Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo ili kuuza mazao ya wakulima. Tumbaku yataka kazi nyingi: kitalu, mabanda, kuni na macho ya usiku. Haiwezi kulimwa na mtu aliyeko Tanga. Hapo ndipo kipande na jembe vilipogombana waziwazi, kwa maana mkataba haukuchukua tu nguvu za kijana, ulichukua na msimu wake.

Mfano wa Wamatengo, majirani wa magharibi, unafundisha zaidi. Hao waliishi milimani, wakalima kwa mashimo yaitwayo ngoro, ambayo huzuia udongo usichukuliwe na maji, na katika milima hiyo wakapanda kahawa. Kadiri kahawa ilivyostawi, ndivyo haja ya kwenda mbali ilivyopungua. Ndivyo ilivyokuwa Kilimanjaro na Bukoba pia. Wachagga, waliokuwa na chama chao cha wapanda kahawa tangu mwaka 1925, hawakuwa wavivu walipoutazama mkonge ukipita kwa garimoshi wasiufuate. Walikuwa na hesabu nyingine. Si kabila lililoamua nani atakuwa namba. Aliyeamua ni mti uliosimama nyuma ya nyumba, na barabara iliyopita mbele yake.

Haifai, hata hivyo, kuisifu kazi ya karibu kupita kiasi. Bei ya tumbaku haikumtii mkulima, na katika mtikiso wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930 wakulima na wafanyakazi waliumia pamoja. Mwaka 1947 ulianza mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea, iliyo kusini, ikaleta kazi karibu zaidi kuliko Tanga. Mwaka 1951 mpango ukavunjika, na waliouamini wakabaki mikono mitupu. Tena Tanga iliwapa vijana vitu ambavyo kijiji hakikuwapa. Kijana aliyejipatia mahari kwa jasho lake hakulazimika kungoja hisani ya wazee. Katika kambi za mkonge Mngoni, Mmakonde na Muha walizungumza Kiswahili kwa kuwa hawakuwa na lugha nyingine ya kulalamikia posho, na lugha ya malalamiko ikawa lugha ya umoja. Shirikisho la wafanyakazi, TFL, lilipoundwa mwaka 1955, lilikuta mashambani watu waliokwisha kujifunza kusema kwa kauli moja. Baadhi yao walilowea huko huko, wakaoa, wakazikwa, na wajukuu wao leo ni watu wa Muheza na Korogwe.

Mwisho wa manamba ndio ushahidi mkubwa wa hesabu hii. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, serikali ilikomesha pia uandikaji wa watu kwenda migodi ya Afrika Kusini, ambako wengi wa Rungwe walikuwa wakienda. Mwaka 1962 bodi iliyoongozwa na D. P. Chesworth ilipendekeza kima cha chini cha mshahara, nacho kikawekwa kwa sheria. Ujira ulipoanza kubeba mzigo wa nyumba, wenye mashamba waliona faida ya kuwa na wafanyakazi wachache zaidi, wanaokaa na jamaa zao karibu na kazi, kuliko kundi kubwa la wageni wa mkataba. Katika miaka iyo hiyo ya 1960 uandikaji wa manamba ukakoma. Kazi ya mbali ilipungukiwa na wapenzi wake wakubwa, nao hawakuwa vijana wa Songea. Walikuwa wale walioinunua kwa bei iliyolipwa nusu na mke wa mtu.

Basi kijana aliyekwenda Tanga asilaumiwe kwa kukimbia kwao, wala aliyebaki asidharauliwe kwa kuridhika na kidogo. Kila mmoja alipima kwa mizani aliyopewa. Kosa lilikuwa katika mizani: upande mmoja uliwekwa shilingi, na upande wa pili, palipopaswa kuwekwa jembe la mwanamke, mvua iliyopita bila kupandiwa na baba asiyekuwapo, hapakuwekwa kitu. Mahali popote kijana aitiwapo kazi ya mbali kwa mkataba, swali la kwanza halipasi kuwa atalipwa kiasi gani. Lipasalo kuulizwa kwanza ni nani atakayemlimia.