Wapatanishi wa dia Saudi Arabia

Katika Al-Dirah, kitovu cha kale cha Riyadh, upo uwanja ulio jirani na msikiti wa Imam Turki bin Abdullah na kasri la Qasr al-Hukm. Kwa miaka mingi hukumu za kifo zilitekelezwa hapo hadharani. Hata hapo, warithi wa aliyeuawa waliweza kusamehe hadi dakika ya mwisho.

Katika kesi za kisasi, uamuzi ni wa warithi: kudai kisasi, kupokea dia, au kusamehe bure. Serikali haiwezi kusamehe kwa niaba yao. Inaweza kuomba tu. Mpatanishi basi huenda mikono mitupu, hana cha kutishia.

Muhammad Saad al-Beshi, aliyetekeleza hukumu yake ya kwanza Jeddah mwaka 1998, aliliambia gazeti la Arab News mwaka 2003 kwamba yeye mwenyewe huwaendea ndugu wa marehemu kumwombea mkosaji msamaha. Mwenye upanga naye alikuwa mwombaji.

Wakenya wanaikumbuka kazi hii kwa kesi ya Stephen Munyakho. Mwaka 2011 mfanyakazi mwenzake, raia wa Yemen, alifariki baada ya ugomvi baina yao. Kifungo cha awali cha miaka mitano kiligeuzwa kuwa hukumu ya kifo mwaka 2014, baada ya familia ya marehemu kukata rufaa.

Siku ya kunyongwa, kama magazeti yalivyopenda kuandika ingawa Saudia hutumia upanga, ilipangwa kuwa 15 Mei 2024. Maofisa wa Kenya hawakuanza na bei, waliomba muda. Utekelezaji ukaahirishwa, kisha ukaahirishwa tena. Dai la awali la riyali milioni 10 lilikuwa limeshushwa hadi milioni 3.5, lakini michango ya nyumbani haikufikia hata kiasi hicho. Machi 2025 ilitangazwa kwamba Rabita, Jumuiya ya Waislamu Duniani yenye makao yake Makka, imelipa. Munyakho aliachiwa 22 Julai 2025.

Kiwango rasmi cha dia ya mauaji ya kukusudia kiliwekwa kuwa riyali 400,000 mwaka 2011, lakini warithi wanaoacha kisasi huweza kudai zaidi. Na iwapo miongoni mwao wamo watoto wadogo, mahakama husubiri wabaleghe ndipo waulizwe, mfungwa naye akingoja gerezani.