Foto ya Nsala, foto za Baloji, na telefone yako

Wandugu, kila siku tunapiga foto, tunatuma, tunasahau. Lakini historia ya foto ku Kongo inafundisha kuliko programu yoyote.

Mwaka 1904, ku Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga foto ya Nsala, mtu wa Wala. Walinzi wa ABIR, kampuni ya mpira, walikuwa wamemuua binti yake. Alileta kilichobaki, mkono na mguu. Angalia namna foto imejengwa: baba amekaa kando ya baraza, anaangalia chini. Sisi tunafuata macho yake, njo tunafika ku vile viungo. Ilionyeshwa Uingereza na Marekani, ikaongeza nguvu ya kelele iliyomlazimisha Léopold II aachie Kongo mu 1908. (Ilienda kwa Ubelgiji, si kwetu, hiyo ni habari ingine.)

Kwa miaka mingi mwenye kamera alikuwa mgeni. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mu 1978, aligeuza hiyo mambo. Mu kazi yake Mémoire, ya 2006, alichukua watu wa foto za wakoloni, nyeusi na nyeupe, akawakata, akawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyochakaa, ambavyo alipiga mwenyewe kwa rangi. Wazee wanatuangalia katikati ya kutu. Kwangu mimi, hakuna hotuba juu ya shaba inayosema zaidi.

Na telefone yako inaweza kufanya hivyo. Piga foto ya albamu ya familia mchana, kivulini, bila flashi, juu flashi inaacha doa nyeupe. Kisha nenda mahali penyewe: gare, kiwanda, nyumba ya babu. Kama mu foto ya zamani jua inatoka kushoto, ngoja saa ambayo itatoka kushoto pia, na shika telefone ku urefu ule ule. Usivute zoom, sogea kwa miguu. Mu programu yenye tabaka, weka moja juu ya ingine, futa pembeni polepole.

Usitie rangi ile ya zamani. Baloji aliacha mshono uonekane, njo maana hakuna anayeweza kusema amedanganywa. Sisi tunajua foto za vita ya nchi ingine zinavyotembea mu WhatsApp na jina la kijiji chetu. Kwa hiyo andika chini yake: ya zamani ni ya mwaka gani, ya sasa ulipiga lini.