Kutoka Kipande cha Shingoni hadi Kidakuzi cha Simuni

Mwanamume aliyechuma kahawa Ruiru au kukata mkonge upande wa Thika katika miaka ya 1920 alibeba historia yake yote ya kazi shingoni. Ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia kwa kamba mlikuwa na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la aliyemwajiri, mshahara aliolipwa na tarehe za kuingia na kutoka kazini. Hicho ndicho kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, nayo ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kukibeba kila alipotoka nje ya eneo lililotengewa kabila lake. Askari akikidai njiani, kilitolewa pale pale. Asiyekuwa nacho alipelekwa mahakamani.

Nguvu ya mfumo huo ilikaa Nairobi, ambako kumbukumbu za alama za vidole zilihifadhiwa. Kibarua aliyetoroka shamba la mkonge kwa sababu ya kipigo au ujira duni hakuweza kubadilisha jina akaanza upya kwingine, kwa kuwa vidole vyake vilimtangulia. Bila sahihi ya mwajiri wa zamani kwenye karatasi yake alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Mshahara nao ulikuwa umeandikwa wazi, hivyo mwajiri mpya alijua kabla ya maongezi kuanza kiasi kidogo ambacho mtu huyu alishakubali kulipwa. Tajiri alijua kila kitu kumhusu kibarua, naye kibarua hakujua lolote kumhusu tajiri.

Kijana wa Kambui, Kiambu, aliyeitwa Harry Thuku, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuligeuza jambo hili kuwa hoja ya siasa. Mwaka 1921 alianzisha chama cha vijana wa Kikuyu, kisha kile cha East African Association kilichokusanya Waafrika wa makabila mbalimbali, na madai yao yalikuwa bayana: kodi ya vibanda ipunguzwe, mishahara isikatwe, kipande kiondolewe. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kutaka aachiliwe, Muthoni Nyanjiru akiwa mbele ya wanawake, na polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliouawa. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Kipande kiliendelea kwa miaka mingine 25.

Kilivyoondoka ndiko kwenye fundisho kubwa zaidi, ingawa hakusimuliwi mara nyingi. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na wote watoe alama za vidole. Walowezi wa Kizungu waliwaka. Wenye mashamba ambao kwa miaka mingi walishika karatasi zenye alama za vidole vya vibarua wao bila kuona tatizo, sasa walisema kuchukuliwa alama hizo ni kufananishwa na wahalifu. Serikali ikamteua Sir Bertrand Glancy achunguze, na ripoti yake ya mwaka 1950 ikawapa njia ya kutokea: anayeweza kujaza fomu kwa Kiingereza, atie sahihi na kuleta picha, aliweza kusamehewa alama za vidole. Kwa maneno mengine, faragha ilitambuliwa kuwa haki Kenya siku ile ile walipoidai wenye sauti. Wengine waliendelea kupaka vidole wino.

Leo, katika eneo lile lile la mashamba ya kahawa na mkonge, kata ya Theta ya eneobunge la Juja iko katikati ya mji wa Ruiru na wa Thika, na pembeni yake magari hupita usiku na mchana kwenye barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2012. Wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT wanakaa katika vyumba vya kupanga Juja. Thika kuna Mount Kenya University. Karibu kila kijana ana simu, na karibu kila tovuti anayoifungua humtokezea kisanduku kinachozungumzia vidakuzi, kikiwa na kitufe kikubwa cha rangi kilichoandikwa kubali vyote. Anabonyeza. Bando linakwenda mbio na habari anayotaka kuisoma iko nyuma ya kisanduku.

Kidakuzi chenyewe kilizaliwa bila nia mbaya. Katikati ya mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape nchini Marekani, alikabiliwa na shida halisi: tovuti haikuwa na kumbukumbu. Mteja akiweka bidhaa kapuni kisha akafungua ukurasa mwingine, tovuti ilimwona kama mgeni aliyebisha hodi kwa mara ya kwanza. Montulli alibuni faili dogo la maandishi ambalo tovuti hulihifadhi ndani ya kivinjari cha mtumiaji, na kivinjari hulirudisha kila kinapoitembelea tena tovuti hiyo. Faili hilo ndilo humwezesha mtu kubaki ndani ya akaunti yake ya barua pepe bila kuingiza nywila kila baada ya dakika moja. Likiondolewa kabisa, biashara nyingi za mtandaoni zitakwama.

Tatizo liliingilia mlango wa uani. Ukurasa mmoja wa gazeti mtandaoni haujengwi na gazeti peke yake, kwa kuwa tangazo lililo pembeni hutoka katika mashine za kampuni nyingine, na kampuni hiyo nayo huacha kidakuzi chake. Msomaji akihamia tovuti ya viatu ambako kampuni ile ile ina tangazo, kidakuzi hurudishwa, na kampuni ikajua kwamba msomaji wa habari za michezo ndiye huyu mtafuta viatu. Akifika tovuti ya dawa, inajua na hilo. Kampuni ya DoubleClick ilijenga utajiri wake juu ya njia hiyo, hata Google ikakubali mwaka 2007 kuinunua kwa dola bilioni 3.1.

Onyo lilitolewa mapema. Februari 1996 gazeti la Financial Times la London liliwaeleza wasomaji wake juu ya mafaili hayo, ambayo watu wengi hawakujua kwamba yamo ndani ya kompyuta zao. Mwaka uliofuata wataalamu wanaoweka viwango vya intaneti walipendekeza kwamba vivinjari vizuie, tangu mwanzo, vidakuzi vya kampuni ambazo mtumiaji hakuzitembelea. Netscape na Microsoft hazikulifuata pendekezo hilo. Kama zingelifuata, sehemu kubwa ya yaliyotokea baadaye isingetokea, na huo ni uamuzi uliofanywa na watu wachache sana kwa niaba ya dunia nzima.

Hata anayefuta vidakuzi hajamaliza kazi. Mwaka 2010 mtafiti Peter Eckersley wa shirika la Electronic Frontier Foundation alionyesha kwamba aina ya kivinjari, orodha ya fonti, ukubwa wa kioo na mipangilio mingine midogo, vikijumlishwa, vilitosha kutofautisha zaidi ya asilimia 83 ya vivinjari alivyovipima. Mbinu hiyo huitwa alama ya kidole ya kifaa. Mjukuu wa kibarua wa Ruiru anaweza kubadilisha jina mtandaoni mara kumi, na simu yake bado ikamtangulia.

Ni kweli kwamba mambo haya mawili hayalingani kwa ukatili. Hakuna anayepelekwa mahakamani kwa kukataa kidakuzi, ilhali asiyekuwa na kipande alipelekwa. Kinachofanana ni mpangilio wa nguvu: upande mmoja unaandika na kuhifadhi, upande wa pili unaandikwa, na makubaliano kati yao ni ya jina tu. Wakenya waliyaona matokeo yake mwaka 2018, pale televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilipowarekodi kwa siri wakubwa wa kampuni ya Cambridge Analytica wakijisifu kwamba waliendesha kampeni za urais za Uhuru Kenyatta za mwaka 2013 na 2017. Chama cha Jubilee kilisema kazi yao ilikuwa ndogo. Hata hivyo, swali la nani anazijua siri za mpiga kura halikurudi tena chini ya zulia.

Msingi wa jibu ulikuwa umeshawekwa. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo kutodaiwa habari za familia au mambo yake binafsi bila sababu. Iliyochelewa ni sheria ya kuitekeleza, na ilikuja kwa haraka kutokana na mvutano wa Huduma Namba, mpango wa serikali wa kuwaandikisha watu wote kidijitali. Serikali ilipoanza kuwaandikisha wananchi mwaka 2019, Nubian Rights Forum na wenzao walikwenda mahakamani. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa sahihi Novemba mwaka huo, kesi ikiwa bado inaendelea. Tarehe 30 Januari 2020 majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir waliamua kwamba kukusanya vinasaba vya watu na mahali hasa wanapoishi kulikiuka Katiba, na kwamba mpango wenyewe usiendelee bila mfumo kamili wa kisheria. Wanubi, watu ambao kwa vizazi wamehangaika kupata vitambulisho, ndio waliowasaidia Wakenya wengine wote kulindwa.

Sheria hiyo inasema kibali cha mtu kiwe cha wazi, cha hiari na cha jambo mahususi, na baada ya kufahamishwa. Kanuni zake za mwaka 2021 zinavitaja vidakuzi kwa jina: kumwonyesha mtu tangazo kwa kutumia data iliyokusanywa na vidakuzi kutoka tovuti alizotembelea ni matumizi ya kibiashara ya data yake. Zinataka pia njia ya kujiondoa iwe rahisi kueleweka na isiyochosha. Kisanduku chenye kitufe kimoja cha kukubali, huku kukataa kukiwa kumefichwa kurasa tatu ndani, hakikidhi roho ya kanuni hizo.

Immaculate Kassait aliapishwa kuwa Kamishna wa kwanza wa Data Novemba 2020, na Septemba 2023 ofisi yake ilitangaza adhabu tatu zilizowafumbua macho wengi. Shule ya Roma ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Hakuna kati ya adhabu hizo iliyogusa vidakuzi. Picha huonekana na ujumbe wa vitisho husomwa, lakini ufuatiliaji wa mtandaoni haumpigii mtu hodi, na ndiyo maana si rahisi kuulalamikia.

Kisa cha Worldcoin, mradi wa sarafu za kidijitali, kilionyesha jinsi kibali kinavyoweza kununuliwa. Julai na Agosti 2023 maelfu ya vijana walipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, kupigwa picha ya mboni za macho ili wapewe sarafu za kidijitali zilizokadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi. Serikali ilisimamisha zoezi hilo tarehe 2 Agosti. Mnamo Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku saba, kwa usimamizi wa Kamishna. Kibali kinachotolewa na mwenye njaa kwa ahadi ya fedha, mahakama haikukihesabu kuwa cha hiari.

Ulaya mambo yamekwenda hatua moja mbele. Oktoba 2019 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichowekewa alama ya tiki tayari si kibali. Januari 2022 Ufaransa iliitoza Google yuro milioni 150 na Facebook yuro milioni 60 kwa sababu kukataa vidakuzi kulikuwa kugumu kuliko kuvikubali. Safari na Firefox sasa huzuia vidakuzi vya wafuatiliaji bila kuombwa. Google iliahidi mwaka 2020 kwamba Chrome nayo ingeachana navyo, ikaahirisha mara kadhaa, na Aprili 2025 ikasema mtumiaji ataendelea kuamua mwenyewe.

Basi aamue. Kwenye Chrome ya simu za Android, mwenye kutumia Kiswahili hufungua Mipangilio, kisha mipangilio ya tovuti, na humo huzuia vidakuzi vya washirika wengine. Akaunti zake kwa kawaida hubaki wazi. Katika simu za Android za miaka ya karibuni, sehemu ya matangazo chini ya faragha ina kitufe cha kufuta kitambulisho cha matangazo. Tovuti ikiuliza, msomaji atafute neno kataa kabla ya kubonyeza kubali. Na kampuni ikikaidi, malalamiko yapelekwe kwa Kamishna wa Data, ambaye kwa mujibu wa sheria anatakiwa kuyachunguza na kuyamaliza ndani ya siku 90.