Petroli au Dizeli? Habari za Injini za Malori Yetu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kaeni karibu, mshike kalamu na daftari, maana leo tutasoma habari za zamani na mwisho tutafanya hesabu kidogo.

Kila mmoja wenu amewahi kulipa nauli ya gunia. Umevuna mtama au karanga, umefikisha gunia barabarani, na mwenye lori amekutajia bei. Ndani ya bei ile yamo mafuta yatakayochomwa na injini. Basi hata mtu asiye na tairi moja analipia injini ya mwenziwe. Kwa ajili hiyo habari za petroli na dizeli ni habari zetu sote.

Kwanza tujue tofauti yake. Injini ya petroli huvuta hewa na petroli, huvikandamiza pamoja, kisha plagi hutoa cheche na moto huwaka. Injini ya mapigo manne ilitengenezwa na Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876, nayo mwanzoni ilitumia gesi.

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Huvuta hewa tupu na kuikandamiza kwa nguvu nyingi sana, mpaka hewa yenyewe inakuwa moto mkali. Ndipo mafuta hunyunyizwa ndani, nayo huwaka yenyewe. Je, umepata kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu? Ukimaliza, shika pampu upande wa chini. Utaona ina joto. Sehemu ya joto lile hutoka katika hewa iliyobanwa. Rudolf Diesel alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897, katika mji wa Augsburg huko Ujerumani, injini yake ikafanya kazi vizuri. Jina la mtu likawa jina la mafuta.

Sasa angalieni. Kwa kuwa dizeli hubana hewa kwa nguvu nyingi, chuma chake sharti kiwe kinene. Kwa hiyo injini ni nzito, na bei yake ya kununulia ni kubwa. Lakini hutumia mafuta machache kwa kazi ile ile. Petroli ni kinyume: injini ni nyepesi na rahisi kununua, lakini ina kiu. Katika maneno hayo mawili, bei ya dukani na kiu ya njiani, ndimo ilimo historia yote tutakayosoma leo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili malori mengi yalikuwa ya petroli. Mwaka 1950 kiwanda cha Bedford cha Uingereza kilitoa lori la kubeba tani 7 lenye injini kubwa ya petroli, ya silinda sita na karibu lita 5. Kwa nini petroli? Mafuta yalikuwa rahisi, na fundi wa kawaida alijua kusafisha plagi na kabureta. Pampu ya dizeli ilitaka mafuta safi yasiyo na maji wala mchanga, pamoja na fundi aliyefundishwa. Lakini tayari mwaka 1937 kiwanda cha Perkins kilikuwa kimetoa dizeli ya silinda sita iliyoweza kutiwa katika malori mahali pa injini ya petroli. Mwaka 1957 Bedford wakatoa dizeli yao wenyewe. Mwaka huo huo Land Rover, iliyoanza na petroli mwaka 1948, nayo ikapata dizeli.

Msidhani kwamba injini peke yake hutosha. Ninyi wa Kongwa mnajua habari za mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947. Matrekta makubwa ya minyororo yaliletwa, mengine yamekwisha kuchoka kwa kazi za vita. Ardhi ngumu, ukame, na upungufu wa vipuri na mafundi vikayashinda. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Chombo kisicho na fundi wala vipuri ni chuma tu.

Mtihani mkubwa wa malori katika nchi yetu ulikuja baadaye, katika barabara iliyo kusini mwetu, ile ipitayo Iringa na Mbeya. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao peke yao. Zambia, iliyokuwa ikipata mafuta yake kupitia huko, ikakatiwa njia. Ikabidi mafuta yatoke Dar es Salaam mpaka Tunduma na kuvuka mpaka, katika mapipa, juu ya malori. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo: vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika. Magari mengi yalianguka na madereva wengi walikufa, hata watu wakaiita njia ya Jehanamu.

Fikirini jambo hili. Lori lililobeba mafuta lilichoma mafuta kwenda na kurudi. Kadiri injini ilivyokuwa na kiu, ndivyo safari ilivyopunguza faida yake yenyewe. Mwaka 1966 liliundwa shirika la Zambia Tanzania Road Services, nalo likatumia malori mazito ya Fiat, yenye injini za dizeli na matela. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likaanza kupeleka mafuta hadi Ndola. Lakini somo lilikuwa limeeleweka: mzigo mzito na njia ndefu ni kazi ya dizeli.

Mwaka 1973 vita vya Mashariki ya Kati vilitokea, na katika miezi michache bei ya mafuta duniani ikapanda karibu mara nne. Dizeli nayo ilipanda. Lakini mwenye kutumia lita chache aliumia kidogo, na mwenye injini kubwa ya petroli aliumia sana.

Je, dizeli haina ubaya? Unao. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wake huleta saratani. Usikae karibu na moshi wa lori, wala wa mashine ya kusaga. Tena mtu akichanganya dizeli na mafuta ya taa ili apate faida, huharibu pampu ya mwenziwe, kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi chuma sawasawa.

Sasa hesabu. Tuseme lori la petroli linatumia lita 30 kwa kilomita 100, na la dizeli lita 20. Kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam tuhesabu kilomita 450. La petroli litatumia lita 135, la dizeli lita 90. Tofauti ni lita 45 kwa safari moja, lita 450 kwa safari kumi. Lakini mtu mwenye safari moja tu ya kilomita 40 kila juma ataokoa lita 4 tu. Huenda huyo asirudishe kamwe fedha alizozidisha dukani. Basi usiulize, “Injini ipi ni bora?” Uliza, “Nitakwenda mbali kiasi gani, na mzigo gani?”

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini injini ya dizeli ni nzito?
2. Zambia ilikatiwa njia ya mafuta mwaka gani, na kwa sababu gani?
3. Soma bei za mafuta zilizotangazwa na EWURA mwezi huu. Kwa bei hizo, safari ya kilomita 450 ni shilingi ngapi kwa petroli, na ngapi kwa dizeli?
4. Kama wanakijiji mngenunua gari la shirika, mngechagua lipi? Toeni sababu.

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.